Usingizi wa Rubani ni Mali ya Abiria

Wazee wa Kitangari na vijiji vya jirani katika Wilaya ya Newala wanakumbuka enzi ambazo maji hayakuwa ya bomba. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua inyeshayo hunywewa na mchanga na kupotelea chini. Watu wa vijiji vya juu waliteremka mabondeni kungali giza, wakapanga foleni kisimani, kisha wakapanda kilima na mzigo kichwani. Hakuhitajika daktari wa kuwaambia kwamba aliyekosa usingizi hukosea hatua. Waliona wenyewe: ndoo ilikuwa ile ile ya jana, njia ilikuwa ile ile, lakini mguu wa mtu aliyechoka haukukanyaga mahali pale pale.

Elimu hiyo ya zamani ina kazi leo kuliko jana. Mgonjwa wa Kitangari anayeandikiwa rufaa ya kwenda Muhimbili ana njia mbili. Ya kwanza ni basi, safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Ya pili ni kufika Mtwara na kupanda ndege, safari ya takriban saa moja angani. Wengi hupita njia ya kwanza. Wenye haraka ya ugonjwa, au wenye fedha za korosho mkononi, hupita ya pili. Penye basi, abiria humtazama dereva usoni; akimwona ana macho mekundu humuuliza kama amelala, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwezi Oktoba 2023, swali hilo limekuwa zito zaidi. Penye ndege hakuna anayeuliza. Mlango wa chumba cha rubani umefungwa, na abiria anaamini kwamba sheria imekwisha kuuliza kwa niaba yake.

Sheria imeuliza kweli, lakini imeuliza nusu tu ya swali. Imeuliza rubani amefanya kazi saa ngapi. Haijauliza kama rubani huyo ana njia yoyote ya kupunguza kazi kabla mwili wake haujashindwa, bila ya kupoteza mkate wake. Hapo ndipo hoja ya kazi ya nusu muda na ratiba nyumbufu kwa marubani inapoingia. Wengi huisikia wakadhani ni anasa ya watu wenye mishahara mikubwa. Kwa jicho la tiba ni kinga, na haki yake ni ya abiria kabla ya kuwa ya rubani.

Kwa nusu muda kunakusudiwa hapa mpango ambao rubani mwenye ajira ya kudumu hufanya sehemu ya ratiba kamili, tuseme nusu au robo tatu, akalipwa kwa kiasi hicho hicho na kubaki na haki zake zote. Kwa ratiba nyumbufu kunakusudiwa mpango ambao saa hazipungui lazima, lakini hupangwa kwa kuzingatia hali ya mtu: kupewa safari za mchana badala ya alfajiri, au siku za mapumziko zinazofuatana badala ya zilizotawanyika.

Uchovu hausikii amri

Usingizi ni hitaji la mwili kama maji. Mtu mzima huhitaji saa 7 hadi 8 kwa usiku, na mwili una saa yake ya ndani inayofuata mwanga na giza. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri saa hiyo huwa chini kabisa: joto la mwili hushuka, macho huwa mazito, na akili huchelewa kuitika. Rubani wa safari inayoondoka saa 12 asubuhi hulazimika kuamka saa 9 usiku, yaani huukata usingizi wake pale pale unapokuwa mtamu na wenye faida. Hawezi kuufidia kwa kulala mapema, kwa sababu mwili haukubali kulazwa saa 1 jioni kwa amri ya ratiba. Akifanya hivyo siku nne mfululizo, deni la usingizi hulimbikizana kama deni la dukani.

Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo kila mwanafunzi wa tiba ya anga huyajua. Mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini kwa udhaifu sawa na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Baada ya saa 24 udhaifu huo hukaribia ule wa kilevi cha asilimia 0.10. Tofauti ni kwamba mlevi hunuka pombe, na aliyechoka hanuki kitu. Tena mchovu ni shahidi mbaya wa hali yake mwenyewe, kwa kuwa kiungo anachokitumia kujipima ndicho kilichochoka.

Ajali zimetoa ushahidi wao. Tarehe 18 Agosti 1993 ndege ya mizigo ilianguka Guantanamo Bay, Cuba, na wachunguzi wa Marekani kwa mara ya kwanza wakautaja uchovu wa marubani kuwa miongoni mwa sababu zenyewe za ajali. Tarehe 22 Mei 2010 ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilipita mwisho wa njia ya kutulia huko Mangalore, India, na watu 158 wakafa. Kinasa sauti kilionyesha kwamba rubani kiongozi alikuwa amelala kwa zaidi ya saa moja na nusu kabla ya kuanza kushuka. Aliamka akiwa katika mang'amung'amu, ile hali ya mtu aliyefumbua macho lakini ambaye akili yake bado iko usingizini. Hali hiyo ina dakika zake na haifutwi kwa nidhamu, kwa mafunzo wala kwa kikombe cha kahawa.

Kwa sababu hizo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) huzitaka nchi wanachama ziweke ukomo wa saa za kuruka na saa za chini za kupumzika. Hapa nchini jukumu la kusimamia mambo hayo ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Ulaya, kwa mfano, rubani haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 katika siku 28 zinazofuatana, wala zaidi ya saa 900 katika mwaka mmoja wa kalenda. Ukomo huo umeokoa roho nyingi. Hata hivyo ukomo ni ukuta, nao huwekewa watu wote sawasawa: kijana wa miaka 28 asiye na mtoto, mama aliyejifungua miezi minne iliyopita, na mzee wa miaka 63 anayekaribia mwisho wa miaka 65 iliyowekwa kimataifa kwa marubani wa safari za biashara zenye marubani wawili. Ratiba moja inaweza kuwa halali kwa wote watatu na kuwa salama kwa mmoja tu.

Mama, mgonjwa na mzee

Mfano wa kwanza ni mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mkufunzi wa Chuo cha Ualimu Kitangari anaweza kuzitumia saa hizo mbili: atatoka darasani, atakwenda nyumbani, atamnyonyesha mwanawe na kurudi. Rubani aliye juu ya Bahari ya Hindi akielekea Mumbai hawezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Siku 84 hazifiki miezi 3. Kwa rubani, haki iliyoandikwa kwenye sheria hubaki kwenye karatasi.

Kuna na hesabu nyingine isiyojulikana na wengi. Kanuni za kimataifa za afya ya marubani huruhusu mjamzito mwenye hali njema kuruka hadi mwisho wa wiki ya 26 tu ya ujauzito. Kutoka hapo hadi wiki ya 40 ni wiki 14 za kukaa chini. Akianza likizo siku ya kujifungua, ataongeza wiki 12. Kwa jumla ni nusu mwaka nje ya chumba cha rubani, ilhali kanuni humtaka anayebeba abiria awe amepaa na kutua angalau mara 3 katika siku 90 zilizopita. Anarudi akiwa na mtoto mchanga, usingizi uliokatikakatika, na mtihani wa kuthibitisha upya ustadi wake. Kisha anapewa ratiba kamili siku hiyo hiyo. Asiyeweza huacha. Duniani kote wanawake ni takriban asilimia 5 tu ya marubani wa mashirika ya ndege. Afrika Mashariki ilijivunia mwaka 2014, Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways alipokuwa mwanamke wa kwanza barani kuwa rubani kiongozi wa Boeing 787. Nafasi kama hiyo haiwezi kuwa ya wengi endapo mlango wa uzazi unatoa watu nje na hauwarudishi.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani, ingawa mbali na hapa. Jessica Starmer, rubani wa British Airways, aliomba baada ya kujifungua afanye nusu ya ratiba kamili. Mwajiri alimpa robo tatu, na akasema kwamba rubani mwenye saa chache za kuruka hapaswi kushuka chini ya kiwango hicho kwa sababu za usalama. Mwaka 2005 mabaraza ya kazi ya Uingereza, la kwanza na la rufaa, yalimpa mama huyo haki: kukataliwa kwake kuliwaumiza wanawake kuliko wanaume, na hoja ya usalama haikuthibitishwa kwa ushahidi. Somo la kesi hiyo kwa nchi nyingine ni dogo na la maana. Usalama ni neno zito, na mwenye kulitumia kumkatalia mtu sharti alete ushahidi, kama daktari anavyotakiwa kuleta vipimo.

Mfano wa pili ni mgonjwa, na huu ndio unaomgusa daktari zaidi. Rubani hupimwa afya kila mwaka, na wengine kila miezi 6 kwa sababu ya umri. Akikutwa na kasoro, cheti chake husimama na pamoja nacho husimama riziki. Mtu aliyewekewa milango miwili tu, kazi yote au kukosa kazi, hujifunza kunyamaza. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings, aliyekuwa ameficha maradhi yake ya akili, aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps na watu wote 150 wakafa. Wachunguzi wa Ufaransa walieleza kwamba hofu ya kupoteza kazi na kipato ni miongoni mwa mambo yanayomfanya rubani asiseme anaumwa. Tukio hilo lilikuwa la nadra mno, wala wagonjwa wa sonona si watu wa kuogopwa. Walio wengi hutibika na kurudi kazini. Lakini hofu ya kusema si ya nadra. Anayekosa usingizi, aliyefiwa, anayeuguza mzazi, aliyeanza kuhisi moyo ukienda mbio, wote hao wangekwenda kwa daktari mapema kama wangejua kwamba upo mlango wa tatu: kupunguziwa safari kwa miezi michache, kutibiwa, kisha kurudi hatua kwa hatua.

Mfano wa tatu ni mzee. Rubani wa miaka 60 na zaidi ana kitu kisichonunuliwa, nacho ni maelfu ya saa za kuziona hali za hewa. Usingizi wake, hata hivyo, umekuwa mwepesi na hauvumilii tena zamu za usiku zinazobadilika kila wiki. Akipewa nusu ya ratiba, na sehemu ya muda wake ikawa kuwafundisha vijana, shirika linabaki na hekima yake na abiria hawabebi uchovu wake.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaopinga, na hoja zao hazifai kudharauliwa. Wanasema mafunzo ya rubani wa nusu muda hugharimu sawa na ya rubani wa muda kamili. Ni kweli: kila mmoja sharti apimwe mara kwa mara kwenye simuleta, ile mashine inayoigiza urukaji, awe anaruka mara nyingi au mara chache. Wanasema pia kwamba mashirika yetu yana ndege chache za aina tofauti, na rubani wa aina moja hawezi kujaza pengo la mwingine. Hilo nalo ni kweli. Rubani wa Dash 8 inayotua Mtwara hawezi kuamka kesho akaendesha Dreamliner.

Lakini hesabu isiishie ukurasa wa kwanza. Kumsomesha rubani hadi aaminiwe na abiria huchukua miaka na fedha nyingi, na marubani wa Afrika Mashariki wamekuwa wakihamia mashirika ya Ghuba, ambayo hayakugharimia makuzi yao. Kila anayeondoka kwa sababu ratiba imemshinda huondoka na gharama yote hiyo. Kumbakiza kwa robo tatu ya kazi ni rahisi kuliko kumtafuta mwingine mahali pake. Nusu muda una sakafu yake, bila shaka: usishuke hadi mtu akapoteza wepesi wa mikono. Sakafu hiyo ipangwe kwa vipimo vya ustadi, si kwa kukisia.

Hoja iliyo nzito zaidi haisemwi na waajiri. Neno unyumbufu lina nyuso mbili. Ulaya wapo marubani vijana waliofanya kazi bila ajira ya kudumu, wakilipwa kwa saa walizoruka tu, na baadhi yao wakilipia wenyewe mafunzo kwa mkopo. Huo ni unyumbufu wa mwajiri. Mtu anayelipwa kwa saa hukubali safari akiwa na homa. Mkataba namba 175 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1994 uliwekwa ili mfanyakazi wa nusu muda asigeuzwe mfanyakazi wa nusu haki. Mpango wowote utakaobuniwa nchini sharti uanzie kwenye ombi la rubani mwenyewe, uhifadhi ajira yake na bima yake, na uwe na njia ya kurudi kwenye muda kamili.

Tena ipo hatari ambayo madaktari wanaijua kwa sababu ni ya kwao. Mtu akipunguziwa saa hapa, huenda akaziuza saa hizo kule. Daktari anayetoka zamu ya hospitali ya umma na kuingia zamu ya hospitali binafsi jioni hiyo hiyo hajapumzika, amebadilisha jengo. Kwa marubani dawa yake inajulikana: saa zote zijumlishwe kwa mtu, kwa waajiri wake wote, katika daftari moja linaloweza kukaguliwa.

Kutoka angani hadi wodini

Eneo hili la dunia si geni kwa rubani wa nusu muda. Huduma ya Madaktari Warukao, iliyokuja kuwa AMREF, ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wood alishika kisu cha upasuaji na usukani wa ndege. Ushujaa wa zama zile unastahili heshima. Leo, hata hivyo, hakuna atakayekubali daktari apasue mchana kutwa kisha arushe ndege usiku, kwa sababu usafiri wa anga ulikubali jambo ambalo tiba bado inasita kulikubali: kwamba mtu mwema, hodari na mwenye moyo bado ni mwili.

Mgonjwa wa Kitangari anapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwenye ndege. Kuna muuguzi aliyempokea usiku katika kituo cha afya, dereva wa gari la wagonjwa, daktari wa zamu mjini Mtwara. Wote hao wanahukumiwa na saa ile ile ya mwili inayomhukumu rubani, na mara nyingi hawana daftari la saa wala mlango wa tatu. Sheria ya mwaka 2004 inatamka saa 45 kwa wiki na saa 12 za kupumzika kati ya siku na siku. Penye muuguzi mmoja na wajawazito watatu, sheria hiyo husomwa kwa huzuni. Kuanza na marubani si kuwapendelea. Ni kuanza mahali ambapo saa tayari zinahesabiwa, vipimo vya afya vipo na ukaguzi upo, ili mpango ukishathibitika uteremke hadi wodini.

Mashirika yanayotumia viwanja vya Tanzania, Air Tanzania likiwa mbele kwa kuwa ni mali ya wananchi, yanaweza kuanza na jambo dogo kwa muda wa majaribio. Mama arudi kwa nusu au robo tatu ya ratiba hadi mtoto atimize mwaka. Aliyetoka matibabuni arudi kwa hatua zinazopangwa na daktari wa anga. Aliyetimiza miaka 60 aruhusiwe kuchagua. TCAA ihesabu saa za wote na kuchapisha matokeo, ili kila mwenye shaka ayaone kwa macho yake.

Barabara ya kutoka Kitangari hadi Mtwara ni ndefu kwa mwenye maumivu. Anayeimaliza, akapanda ngazi za ndege akishikwa mkono na mwanawe, amekwisha kufanya yote yaliyo katika uwezo wake. Kilichobaki hakimo mikononi mwake: ni kwamba mtu aliyeketi nyuma ya ule mlango uliofungwa awe amelala usiku, na kama hakulala, awe aliweza kusema hivyo bila kuogopa.